Nilifuata bango la sheli Kigongo, nikarudi na sato

Asikuambie mtu, daraja ni tamu! Tangu lile Daraja la J.P. Magufuli lizinduliwe tarehe 19 Juni 2025, nimeshapita Kigongo mara tatu, na mara zote tatu Kigongo yenyewe sikuiona. Unatoka Mwanza mjini, unapita Buhongwa, ukifika Usagara unakunja kulia, dereva anakanyaga moto, mara unasikia matairi yamebadilisha sauti. Kulia maji, kushoto maji. Unajibu meseji mbili kwenye simu, unainua kichwa, konda anakwambia hapa Busisi. Kilomita tatu za zege juu ya Ziwa Victoria unazimaliza kwa dakika nne, tano kama dereva wenu ni mwoga wa maji.

Basi bwana, mara ya nne nikashuka.

Gari zima liligeuka kunitazama. Konda akanifungulia mlango huku anacheka. "Kaka, kama ni pantoni umechelewa, siku hizi watu wanapita juu!" Abiria nao wakaangua kicheko, gari likaondoka, nikabaki na begi langu pembeni ya lami, jua la saa saba linaniangalia kama mdeni wake.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechokozwa. Nina mjomba wangu anaishi Sengerema, mzee sasa, magoti yamegoma, lakini miaka ya 80 alikuwa dereva wa lori na jina lake lilivuma kuanzia Mwanza mpaka Biharamulo. Nilipokwenda kumjulia hali tukawa tunapiga stori za zamani, ndipo akaniambia: "Lile bango la sheli, lile la kombe, bado lipo Kigongo. Kuna mama muuza samaki amelifanya ukuta wa jiko." Akanywa chai. Halafu akaongeza, "Ungekuwa na akili ungelinunua."

Mjomba ananijua. Mimi ni mgonjwa wa vitu vya zamani, hasa mabango ya sheli. Wengine wanakusanya kanda za muziki, wengine wanakusanya wachumba, mimi nasimama barabarani kupiga picha nguzo yenye kutu, mpaka watu wanadhani natoka manispaa nimekuja kuweka alama ya X.

Kwanza tuelewane kuhusu hili neno lenyewe. "Kituo cha mafuta" utalisikia kwenye taarifa ya habari na kwenye matangazo ya EWURA. Mtaani hakuna kitu hicho. Mtaani ni sheli. Hata kiwe cha Puma, cha Lake Oil, cha Oryx, ni sheli tu. Tunasema "nikute pale sheli ya Total" bila hata kucheka. Kampuni moja imemeza jina la wenzake wote, kama Blue Band ilivyomeza kila kinachopakwa kwenye mkate. Na ukipanda daladala Dar es Salaam utasikia Buguruni Sheli inaitwa kama mtu anavyoitwa kwa jina lake la ubatizo.

Sasa sikia kisa chake. Huko London, karne ya 19, kulikuwa na mzee mmoja, baba yake Marcus Samuel, aliyekuwa akiuza makombe ya baharini, yale ya kupamba masanduku na kuweka sebuleni. Mtoto akaona biashara ya makombe ndogo, akaingia kwenye kusafirisha mafuta ya taa kwa meli kupeleka Asia. Mwaka 1897 alipoanzisha kampuni akaipa jina la kombe, Shell, na miaka michache baadaye picha ya kombe ikawa nembo. Kwa hiyo konda wa Buguruni anapopiga kelele "Sheli wapo?", anatangaza duka la mapambo la Mzungu wa zaidi ya miaka mia iliyopita. Hajui, na wala hana haja ya kujua.

Mimi nilizijua sheli kabla sijajua kusoma. Nilikuwa napanda lori na mjomba wakati wa likizo, nakaa katikati yake na utingo, miguu juu ya gia boksi ambayo ilikuwa inachoma kama pasi. Kwa mtoto asiyejua herufi, mabango yale yalikuwa ndiyo kitabu cha picha. Kombe la njano. BP, ngao ya kijani yenye herufi za njano. Caltex, nyota nyekundu. Esso, yai lililolala lenye mstari wa buluu na maandishi mekundu. Na mfalme wao wote, Agip: bango la njano, mbwa mweusi amegeuza shingo nyuma anatema moto, halafu ana miguu sita!

Yule mbwa alininyima usingizi. Mbwa gani wa miguu sita? Waitaliano wenyewe, waliomchora mwanzoni mwa miaka ya 50, huwa wanaeleza kwamba minne ni magurudumu ya gari na miwili ni miguu ya dereva. Utingo wa mjomba alikuwa na maelezo yake, na mimi mpaka leo nayaamini zaidi. Alisema minne ni ya gari, wa tano ni wa dereva kwa sababu dereva anakanyaga mafuta kwa mguu mmoja tu, na wa sita ni wa utingo, na huo ndio unaofanya kazi.

Agip hawakuja kwetu kwa bahati mbaya. Waitaliano hao ndio walioshirikiana na serikali kwenye kile kiwanda cha kusafishia mafuta cha TIPER pale Kigamboni, kilichoanza kazi mwaka 1966. Ukisikia wazee wanasema "enzi za Tipa", ndiyo hiyo. Mafuta ghafi yanashuka bandarini, yanachemshwa hapo hapo nyumbani, yanapanda treni na malori mpaka huku Kanda ya Ziwa. Leo tunaletewa yaliyokwisha kuiva.

Na pampu za wakati ule! Ninyi wa siku hizi mnaona namba za taa zinakimbia kimya kimya kama zinaiba. Zile za zamani zilikuwa na namba za kuzunguka, unaona kabisa tisa inapinduka polepole kuwa sifuri, huku ndani kuna kikengele, ti... ti... ti... Mjomba alikuwa akifumba macho anahesabu vile vikengele. Mhudumu akizidisha porojo, mjomba anafungua jicho moja. Harufu ya petroli, harufu ya lami ya moto, debe la maji ya kupoza rejeta, mhudumu mwenye kitambaa kichafu begani anafuta kioo hata kama hujaomba. Kwangu hiyo ndiyo ilikuwa safari. Huko tulikokuwa tunakwenda hata sikumbuki.

Lakini nisiwadanganye kwamba kila kitu kilikuwa bomba. Bei ya mafuta duniani iliruka mwaka 1973, ikaruka tena 1979, mwaka ambao sisi tulikuwa tunamalizana na Idi Amin, na nchi ikakauka. Magari binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Mjomba anasimulia harusi iliyokatishwa saa saba na nusu, bwana harusi akamalizia safari kwa baiskeli na bibi harusi kambebelea nyuma, shela limefungwa fundo lisiingie kwenye mnyororo. Mafuta yakikosekana, sheli ilikuwa haiandiki tangazo. Walilaza pipa tupu katikati ya njia ya kuingilia, basi. Ukiona pipa limelala, pita. Ukiona pipa limesimama pembeni, kata kona haraka kabla wenzako hawajaliona. Mjomba alikuwa na sheria yake: usipite sheli yenye mafuta bila kusimama, hata kama tangi limejaa. Na kweli alikuwa akisimama, anaongeza lita mbili, anasalimia, anauliza habari za barabara, anaondoka.

Kwa hiyo bango lilikuwa na maana mbili. Mbali, kwenye mbuga za Usukuma ambako hakuna kilima cha kuegemeza jicho, unaliona kombe kama jua dogo, unajua pale kuna watu. Ukikaribia ndipo unatafuta pipa.

Yalikwenda wapi mabango hayo? Yaling'olewa moja moja wakati tunaangalia kwingine. Biashara ya mafuta ilifunguliwa mwaka 2000, kampuni za wazawa zikaingia kwa kishindo, rangi mpya kila baada ya kilomita mbili. BP wakauza vituo vyao, Puma wakaingia mwaka 2011. Gapco iliyokuwa kila kona ikanunuliwa na Total mwaka 2017, na Total wenyewe walipofika 2021 wakajiita TotalEnergies, jina ambalo sijawahi kumsikia bodaboda akilitamka. Kila mara nguzo ilibaki, kichwa kikabadilishwa. Bango la zamani lilikwenda wapi? Kwenye paa la banda la mbuzi, kwenye mlango wa choo, kwenye mizani ya chuma chakavu.

Siku hizi bango la sheli kwa kweli ni namba. EWURA hutoa bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kila kituo lazima kitundike bei mahali dereva anapoiona kabla hajaingia. Ni jambo jema, silipingi, mjomba angelipenda sana kwenye miaka yake ya pipa. Ila namba haina sura. Hakuna mtoto atakayekosa usingizi kwa sababu ya namba, labda baba yake.

Kuna wenzetu waliowahi kushtuka. Pale Asmara, Eritrea, kuna sheli ya mwaka 1938 inaitwa Fiat Tagliero, imejengwa kwa umbo la ndege, mabawa mawili ya zege yametandazwa hewani bila nguzo hata moja. Inasimuliwa kwamba mafundi waliogopa kuondoa miti iliyoshikilia mabawa, ikabidi msanifu, Giuseppe Pettazzi, amtolee bastola mmoja wao. Miti ikaondolewa, mabawa hayakuanguka, na mpaka leo yako hewani. Mji ule umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2017. Marekani nako, mji wa Winston-Salem, wametunza kijisheli cha mwaka 1930 chenye umbo la kombe zima. Watu wanasafiri kwenda kupiga picha. Sisi tunapima kwa kilo.

Haya, turudi Kigongo, jua bado linaniangalia.

Kutoka barabara kuu ya darajani, ile njia ya zamani ya kivukoni inachepuka na kuteremka majini. Ukiwahi kupita enzi za pantoni utaikumbuka, na utaikumbuka kwa hasira. Foleni ilikuwa inaanzia majini inarudi nyuma mpaka unasahau inaanzia wapi. Ukiwa na bahati nusu saa, usipokuwa nayo saa mbili, na malori yenyewe yalikuwa yanalala. Wagonjwa walisubiri hapa. Wajawazito walisubiri hapa. Kwa hiyo mtu akiniambia anaikumbuka foleni ya Kigongo kwa mapenzi, nitamwuliza kama alikuwa abiria au alikuwa anauza mayai.

Maana kulikuwa na upande wa pili. Foleni ile ilikuwa soko. Kabla gari halijasimama sawasawa tayari kuna sinia dirishani: sato wa kukaanga, mayai ya kuchemsha na kachumbari, karanga za shilingi mia mbili, miwa, ndizi, chaja za simu. Na kwenye kona, juu ya jiwe, chupa ya plastiki yenye kitu cha rangi ya chai hafifu. Hiyo nayo ni sheli. Haina bango, chupa yenyewe ndiyo bango. Kila mwendesha bodaboda wa nchi hii anaijua, na kila mwenye akili anajua ni hatari na hairuhusiwi, lakini usiku tangi likikauka hakuna anayeuliza nembo.

Siku niliyoshuka mimi, foleni hakuna. Mabanda mengi yamebaki miti mitupu, mabati yamehamishwa. Wavuvi wawili wanashona wavu. Juu kule, magari yanapita darajani kwa mlio mmoja mrefu, kama nyuki waliofungiwa kwenye debe.

Nikamkuta mama mwenyewe chini ya mwembe, jiko la kuni mbele yake, karai la mafuta linachemka. Na nyuma ya jiko, limesimamishwa na mawe mawili, limezuia upepo wa ziwani, lile bango!

"Mwadila mayu," nikamsalimia kwa Kisukuma changu cha kuunga unga.

"Mwadila mwanangu. Karibu, sato au sangara?"

Sikumsikia. Nilikuwa nimeshachuchumaa. Bati zito, la ile rangi ya kuchomwa kama vikombe vya bati vya zamani, ambayo haichuji bali inabanduka vipande kama ganda la yai. Njano imepikwa na moshi mpaka imekuwa kahawia upande wa chini, lakini juu kombe lipo, mistari yake yote inaonekana, na ukingo mwekundu. Tundu nne za boliti kwenye pembe. Nikapitisha kidole, nikaungua, nikakumbuka gia boksi la mjomba.

"Mama, hili bango umelitoa wapi?"

"Nililikuta kwa mama mkwe, nikarithishwa pamoja na karai." Akageuza samaki. "Kuna nini?"

Hapa, msomaji wangu, nilifanya kosa la mtoto wa mjini. Nikatoa mshiko. "Nakupa elfu ishirini."

Akaniangalia, akaangalia bango, akaniangalia tena. "Wewe ukilifikisha Dar utauza ngapi?"

"Siuzi, mama. Natundika ukutani."

"Ukutani ndani?"

"Ndani."

"Kuzuia nini?"

Nikakosa jibu. Wale wavuvi wakacheka, mmoja akasema kwa sauti kwamba labda nyumba yangu ina upepo. Nikapandisha, elfu thelathini. Nikafika arobaini. Mama akafuta mikono kwenye khanga, akanivutia kigoda, akanikalisha kama mwalimu anavyomkalisha mtoto aliyeshindwa hesabu.

Akaniambia hivi. Wakati wa pantoni alikuwa anamaliza ndoo nzima ya sato kabla ya adhuhuri, na ameshasomesha watoto wawili kwa foleni ile. Sasa anakaanga samaki wanne, watano, kwa wavuvi na watu wa hapa hapa, na wengine wanakula kwa deni. Daraja analipenda, mdogo wake aliwahi kushikwa na uchungu akiwa upande wa Busisi usiku, anajua maana ya kusubiri. Lakini magari yanapita juu. "Hawajui kama nipo," alisema. "Zamani nilikuwa sihitaji kujitangaza, gari lilikuwa linaniletea watu lenyewe. Wenzangu wamehamia Usagara. Mimi nina mwembe wangu hapa, niuhamishe vipi?"

Halafu akauliza, "Wewe umesoma. Unaweza kuandika herufi kubwa?"

Sikuelewa mara moja. Akaninyooshea kidole kule juu, pale njia ya kivukoni inapochepuka kutoka barabara kuu.

Nawaambia ukweli, roho iliniuma. Nilitoka Mwanza kuja kuliokoa lile bango lisichafuliwe na moshi, na sasa naombwa nilichafue kwa rangi! Nikamweleza kwamba vitu hivi vina thamani, kwamba kuna watu duniani wanavitafuta. Akanisikiliza kwa adabu zote. Akaniambia, "Basi uandike upande wa nyuma, kombe lako libaki."

Nyuma kulikuwa na kutu tupu. Kijana mmoja wa bodaboda akatumwa dukani, akarudi na kopo la rangi nyeupe na brashi iliyoota sharubu. Nikapiga magoti kwenye mchanga nikaandika, SATO WA MOTO, na chini yake mshale. Mshale ulinishinda, ukatoka kama mkia wa mjusi. Wavuvi wakasema unatosha, samaki ndiye anayetakiwa kuwa mzuri. Jikoni tukaweka kipande cha bati la kawaida kuzuia upepo.

Tulilipandisha jioni, watu wanne. Kuweka kwenye hifadhi ya barabara nilikataa katakata, TANROADS hawana mchezo, tukapata mti kwenye shamba la shemeji yake, nyuma kidogo. Tundu zile nne za boliti bado zilikuwa nzima, waya ukapita kama umezoea. Ikawa hivi: ukitoka Mwanza unasoma sato wa moto, ukitoka Busisi unaona kombe.

Picha nilipiga. Nikampelekea mjomba Sengerema, akaivuta simu karibu na pua, akaisukuma mbali, akaniuliza pipa liko wapi. Nikamwambia hakuna pipa. "Basi mafuta yapo," akasema, akanirudishia simu.

Wiki mbili baadaye nikiwa narudi Mwanza kwa Hiace, tumemaliza daraja, nikaliona kwa mbali, njano ndani ya kijani. Kijana wa pembeni yangu, mwenye vipasa sauti masikioni, akalinyooshea kidole akamwuliza mwenzake, "Hee, huku kuna sheli?" Mwenzake hakujua. Konda akajibu kwa niaba yake bila kugeuka, "Sheli ya samaki hiyo. Kuna wa kushuka?"

Tulishuka watatu. Sato alikuwa elfu sita, na mama alinikatalia kunipunguzia.